Neno la Asubuhi la Kadogo

Viviane alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya misheni mjini Kasongo, na Kiingereza chake hakikuwahi kumtisha mtu isipokuwa wanafunzi wakati wa mitihani. Asubuhi ile, kwenye njia ya Salamabila, kilimtisha yeye mwenyewe.

Walikuwa wakienda matangani Kabambare, kwa shangazi yao aliyefariki, yeye na mdogo wake Fabrice aliyeendesha pikipiki. Walipovuka kijito walikuta kamba imefungwa kukatiza njia, na vijana wenye bunduki wamejivika majani kichwani. Mmoja akapekua mfuko wa Viviane, akatoa kitabu chake cha kufundishia, akakiinua juu.

"Shefu! Huyu mwanamuke anajua Kingereza!"

Laiti angekiacha nyumbani. Lakini mwalimu na kitabu ni kama kobe na gamba lake, huenda nacho hata msibani.

Shefu wao aliitwa Kadogo. Kadogo jina tu: alichukuliwa vitani angali mtoto, jina likamganda, na sasa ndevu zilikuwa zimeshaingia mvi. Kasongo nzima ilijua habari zake. Walisema ameogeshwa dawa, risasi zikimfikia zinageuka maji. Na kwamba dawa hiyo ina miiko yake, mkubwa kuliko yote ukiwa huu: mwanamke asimguse, wala asimpe kitu mkono kwa mkono.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, mbali kidogo na vijana wake, macho kwenye simu. Kila asubuhi alicheza mchezo wa kutafuta neno la Kiingereza lenye herufi tano. Nafasi ni tatu tu kwa siku; ukijaribu neno, simu inakuonyesha ni herufi zipi zimo na zipi zimekaa mahali pake. Wengine huucheza kupoteza muda. Kadogo alipiga nao ramli. Neno likipatikana, siku itakuwa njema. Likikosekana, kuna mkosi umeingia njiani, na mkosi sharti utafutwe uondolewe.

"Siku hizi telefone inanikatalia," alisema. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtia Viviane baridi. "Leo imebakia mara moja tu. Ukipata, mutapita. Ukikosa, basi mukosi ni nyinyi, sitatafuta mbali." Akamtazama Fabrice, aliyepigishwa magoti karibu na kamba, mtutu umeelekezwa kisogoni.

Kisha akaiweka simu chini, kwenye majani. "Okota. Ukimaliza, rudisha chini. Unasikia, madamu? Chini."

"Nimesikia, shefu."

Kadogo alikuwa amejaribu 'water', kisha 'trade', neno alilolisikia kwa wanunuzi wa dhahabu. A ilikuwa katikati, imetulia mahali pake. E, R na T zilikuwemo ila zilikaa vibaya, na herufi moja iliyobaki haikujulikana. Wanafunzi wa Viviane wangeimaliza kazi hiyo kabla ya kengele. Lakini darasani hakuna bunduki kisogoni mwa ndugu yako. Maneno yote aliyoyasoma yalimkimbia kama vifaranga waliomwona mwewe. Angeulizwa 'mama' kwa Kiingereza, angekosa.

Akafumba macho, akasali kimoyomoyo, akaanza upya. Tuseme T iko mwisho. Likaja neno 'react'. Kidole kilipokuwa kinakwenda kuliandika, likaja la pili: 'heart'. Yote mawili yaliingia sawasawa, na nafasi ilikuwa moja. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alijiona anaingia matangani na maiti nyingine. 'React' ni neno la watu wa vitabu, akajiambia. 'Heart' hata mtoto wa mwaka wa kwanza analijua. Mchezo wa watu wote utapenda neno la watoto. Hakuwa na hakika hata kidogo. Akaandika 'heart', akabonyeza.

Herufi zote zikageuka kijani, kila moja mahali pake.

"Shefu, imekuja!" alisema, na kwa furaha ile akafanya kama mama yake alivyomfundisha tangu angali mdogo: mtu mzima hupewa kitu kwa mikono miwili, nawe ukiinama kidogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliinama, akamnyooshea simu. Na Kadogo, ambaye naye alikuwa na mama zamani, akanyoosha mikono yake miwili akapokea. Vidole vyao vikagusana.

Wote wawili wakaganda.

Viviane aliona kitu ambacho hakutegemea kukiona katika uso ule: hofu, tena hofu ya mtoto. Kadogo aligeuza macho polepole kuelekea kwa vijana wake. Walikuwa wameinamia kile kitabu, wakichekelea picha.

"Wameona?" akanong'ona.

"Hapana, shefu."

Mkono wake ukaenda kwenye bunduki, ukakaa pale. Viviane alijua kinachopimwa. Akimwua aliyemletea neno, vijana wangeuliza sababu, na sababu ndiyo hiyo isiyosemeka.

"Sikia muzuri," Kadogo akasema mwishowe. "Siku risasi itaniingia, watauliza nani alivunja dawa ya shefu. Kama ningali na pumuzi, nitawaambia: ni ule madamu wa Kingereza wa Kasongo. Watakufuata kule kule." Kisha akasimama, akapaza sauti: "Neno imepatikana! Wapite!"

Vijana wakapiga makofi. Mmoja alimrudishia Viviane kitabu, akamtakia safari njema.

Njia nzima Fabrice alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Yaya, dada yangu, Kingereza yako imetuokoa!" Viviane alimshika kiunoni. Mpaka leo hajamwambia habari ya vidole vilivyogusana.

Siku hizi, kila jeshi linapopanda kuelekea Salamabila, Kasongo nzima huomba, misikitini na makanisani, kwamba safari hii Kadogo asirudi. Viviane huitikia amina pamoja na wenzake, kwa sauti. Wakishatoka, yeye hubaki kwenye benchi, hupiga magoti tena, na kumwomba Mungu ampe mtu yule maisha marefu.