Jina Refu Kwenye Kikaratasi

Hospitali nzima ilimwita Mama Hakuna, naye wala hakujali. Miaka kumi na tisa mtunza stoo ya dawa, angekosaje jina la utani? Ukifika dirishani pake na kikaratasi chako, alikitupia jicho, akagonga kompyuta, akakujibu kwa mkato: "Hakuna." Si kwamba alikuwa mchoyo, jamani! Alikuwa mtu wa orodha tu. Kilichoandikwa kipo, kisichoandikwa hakipo, kwaheri.

Siku hiyo, saa saba mchana, daktari binti wa wodi ya dharura alifika pale mbiombio, pumzi juujuu.

"Mama, haraka! Methilthioniniumu kloridi!"

"Methi nini?"

Daktari akamsukumia kikaratasi. Mama Hakuna akalinakili lile jina herufi kwa herufi, akabonyeza. Kompyuta ikaleta sifuri.

"Hakuna."

"Basi dereva awashe gari! Hospitali kubwa ni saa mbili kwenda tu, na huyu mgonjwa saa mbili hana!"

Kabla hajamaliza, mlango wa korido ukafunguka kwa kishindo. Akaingia mdogo wake Mama Hakuna, wa tumbo moja, kiatu mguu mmoja.

"Dada! Ni mume wangu!"

Mama Hakuna aliruka kutoka kitini! Shemeji yake yule muuza nyama, mtu wa mdomo kama redio, ambaye hapitishi wiki bila kumtania? Mdogo mtu akaeleza kwa kwikwi: mume alijikaangia mayai palepale buchani, akachota chumvi kwenye kopo bila kulitazama. Kumbe ni ile chumvi ya kuhifadhia soseji, ambayo nyama kilo nzima hutiwa chembe tu. Yeye katia kijiko! Sasa midomo imekuwa ya bluu, kucha za kijivu.

"Oksijeni tumemwekea, haisaidii," daktari alisema. "Damu yake imekuwa rangi ya chokoleti. Ile chumvi imeifunga isibebe hewa. Dawa hii ndiyo inayoifungua, mama, na kwa dakika chache tu!"

Mama Hakuna alikitumbulia macho kile kikaratasi. Na hapo akafanya jambo ambalo dirishani pale halikuwahi kufanyika: aliuliza.

"Ngoja kwanza. Hiyo dawa ikoje? Ina rangi gani?"

"Bluu. Bluu ya wino, ikikumwagikia kidoleni utaisugua wiki nzima."

"Weee!"

Alitimua mbio, mwili wake wote ule, funguo zikilia kiunoni. Rafu ya mwisho, chini kabisa, nyuma ya makasha ya bandeji. Akapiga magoti, akavuta, akapangusa vumbi. Hili hapa! Kasha dogo alilolipokea mwaka jana na kuliingiza kwenye kompyuta kwa jina kubwa lililokuwa mbele: Methilini bluu. Hakuna aliyewahi kuliulizia. Akaligeuza. Ubavuni, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, lilikuwapo lile jina refu, herufi kwa herufi.

"Ni kitu kimoja!" alipiga ukelele. "Ni dawa ileile, ina majina mawili!" Akatazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Miezi mitano mbele. Hakumpa mtu kasha lile; alilikimbiza mwenyewe hadi wodini, na watu kwenye korido walijibana ukutani.

Daktari alivuta dawa kutoka kwenye vichupa, akaisukuma mshipani polepole. Ile bluu ikateremka. Mdogo mtu alishika miguu ya mumewe, dada mtu akamshika mdogo wake bega. Dakika ya tatu, midomo bado bluu. Dakika ya tano, bluu vilevile. Ya nane, mdomo wa chini ukaanza kupata wekundu, kidogo, kisha zaidi, na jicho moja likafunguka.

"Shemeji," muuza nyama alisema kwa sauti ya kukwaruza, "umenifuata mpaka kitandani kuninyima dawa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mama Hakuna alicheka huku machozi yakimchuruzika, akamwita mjinga, akambusu paji la uso. Daktari alipomwonya mgonjwa kwamba mkojo wake utakuwa wa kijani, yeye akajibu atauza tiketi watu waje kutazama.

Mama Hakuna alitoka pale akitembea kama anayetaka kucheza. Raha ilioje! Daktari akamfuata koridoni.

"Mama, samahani. Lile kasha lilikuja lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja."

Daktari alitazama sakafu. "Miezi minne iliyopita tulikuwa na msichana wa kiwandani, hali hiihii. Niliandika jina hilihili. Muuguzi alikuja dirishani kwako, akarudi mikono mitupu."

"Mkampeleka hospitali kubwa?"

"Hakufika, mama."

Nyuma yao, wodini, bado walikuwa wanacheka. Mama Hakuna alijaribu kumkumbuka muuguzi yule, au hata mwandiko wa kikaratasi, asiweze. Siku ile kwake ilikuwa kama siku nyingine zote.

"Aliitwa nani?"

Daktari akamtajia jina la yule msichana. Mama Hakuna alilirudia mara mbili, kisha akaomba aandikiwe.