Saa Zisizoandikwa

Mpwa wangu alipopata kazi kwenye ofisi ya wahasibu, kitengo cha kodi, mama yake aliliacha gauni la bibi harusi wa watu juu ya cherehani akaanza kumshonea bintiye koti la kijivu. Bibi harusi alikuja kuulizia gauni lake, akaambiwa avute subira kidogo, mtoto anaingia kazini. Akavuta. Dada yangu ana ulimi, mteja haondoki pale na hasira zake.

"Kodi," akawa anawaambia majirani. "Siyo kuandika-andika vitabu tu. Kodi yenyewe. Hao matajiri wote mnaowaona, wakibanwa, wanakwenda kwa mwanangu."

Wakati huo mimi nilikuwa nimefikia chumba cha uani kwa muda, na muda ukawa umerefuka. Nimefanya kazi za kila namna, katika sehemu nyingi, na sijawahi kuona tajiri akikimbilia kwa mtu wa siku ya kwanza. Ila lile koti lilikuwa limemkaa vizuri.

Alichokikuta kule ni mifuko ya saruji. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ana maduka mpaka hayajui mwenyewe, na risiti zake zote anazitia kwenye mifuko mitupu ya saruji. Ukifika msimu wa kodi anaipakia kwenye gari na kuibwaga kwa wahasibu, wamwandalie hesabu za kupeleka kwa watu wa mapato. Risiti nyingine zimefifia, nyingine zina duara la kikombe cha chai, nyingine zimefungiwa misumari na misumari imo bado. Kazi ya mpwa wangu ilikuwa kung'oa pini, kupanga, kuingiza kwenye kompyuta moja moja, na kutazama kila ununuzi kama una ankara ambayo ofisi ya mapato haitaikataa.

"Nimesoma chuo kikuu, mjomba, nakung'uta saruji," akaniambia, na siku hizo alikuwa bado anacheka. Rangi ya kijivu ilimfaa. Vumbi halikuonekana.

Walimkalisha karibu na mashine ya kuchapia, ambayo inampumulia joto mgongoni, huku kiyoyozi kinampulizia baridi utosini, basi anarudi nyumbani ana mafua na jasho kwa pamoja. Upande wa madirisha walikaa wakubwa. Na kwenye chumba cha pembeni alikaa mmoja wa wenye ofisi, ambaye wote walimwita Mzee, ingawa kwa umri wake ningeweza kumtuma dukani. Huyo Mzee ndiye aliyewaambia wazi siku ya kwanza: wamechukuliwa wahitimu wawili kwa majaribio, nafasi ni moja.

Wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye suruali zilizomkimbia miguu. Jina lake walilisahau mapema, wakamwita Dakika, na sababu yake nitaieleza.

Ofisi ile haiuzi hesabu, inauza saa. Mteja anakadiriwa saa kadhaa, analipia hizo. Kila mfanyakazi, kabla ya kuondoka, anaandika kwenye kompyuta: saa hizi nilikuwa kwa mteja fulani, hizi kwa fulani. Zikizidi makadirio, mteja halipi ziada. Anayeitwa chumba cha pembeni kuulizwa zimekwenda wapi ni msimamizi. Na msimamizi wao alikuwa mwanamke mmoja mpole, waliyemwita Madam Pole, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kazi bila kumpa pole kwanza.

"Pole, mdogo wangu," akamwambia mpwa wangu siku moja. "Mwenye mifuko umemfikisha wapi?"

"Bado mifuko minne, madam."

"Saa zake zimeisha."

"Kwa hiyo niache?"

"Uache, nani aje akumalizie? Malizia. Ila usiziandike."

"Niandike nini sasa?"

"Andika zile tulizopewa. Zinazozidi ni zako, unajifunza. Sisi sote tumejifunza hivyo." Akamshika bega. "Huku wanapenda mtu mwepesi."

Mahali pengi nimeona mwajiri akimkata mtu saa zake. Nimekatwa na mimi, na nimeona watu wakirushiana makoleo kwa jambo hilo. Huyu alizikata mwenyewe, kwa mkono wake, akasema asante madam.

Akawa anazila. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kula saa. Anafanya kazi ya wiki mbili, anaandika ya wiki moja. Jumamosi zake hazikuandikwa popote.

Dakika hakula hata moja. Maduka ya yule mzee wa saruji waligawiwa nusu kwa nusu, yeye na mpwa wangu, mifuko sawa kwa sawa, na walikaa meza moja wakitazamana. Alipofika aliandika saa aliyofika. Alipokwenda kutafuta risiti iliyoanguka nyuma ya kabati, aliandika amekwenda kutafuta risiti. Wakamcheka, na jina likakaa.

Jumapili alikuwa anakuja kwetu. Alilelewa na kaka yake, fundi wa magari, na chumba alicholala kilipakana na gereji, nyundo kutwa. Huwezi kusoma pale. Na wote wawili walikuwa na mitihani ya uhasibu, ambayo ofisi ndiyo inalipia ada maadamu uko kwao. Kitabu chenyewe kikubwa kama tofali, na bei yake hivyo hivyo, basi wakanunua kimoja kwa ubia. Dada yangu alimpenda kijana yule, akamwita mkwe mpaka mwenyewe akaacha kuona haya.

"Punguza," nilimsikia mpwa wangu akimwambia Jumapili moja. "Unajichongea."

"Nipunguze nini? Si nilikuwepo?"

"Nani kakataa kama ulikuwepo?"

"Nisipoandika, sikuwepo."

"Madam alikwambia uandike ngapi?"

"Aliniambia nitumie busara. Nimeitumia. Busara inaniambia niliingia asubuhi nikatoka jioni."

Dada yangu akaongea kutoka kwenye cherehani bila kugeuka. "Mnagombana kama mmeshaoana."

"Huyu, mama? Ukiolewa na huyu atakuandikia mpaka muda wa kupiga mswaki."

"Na wa kugombana," akasema Dakika. "Huo ndio utajaza ukurasa."

Wakacheka. Kisha mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, wewe unasemaje?"

Nikamwambia mwenzake ndiye yuko sawa, ila sikujua kama ndiye atakayebaki. Akafungua kitabu akaendelea kusoma.

Muda wa majaribio ukaisha. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe jioni ile uani, kwenye bomba, anafua koti ambalo halikuwa chafu. Mama yake alikuwa ndani na simu, anawapigia mashangazi mmoja baada ya mwingine, maana barua ya kuthibitishwa ilikuwa imekwishafika nyumbani na kubusiwa.

Mzee aliwaita wote wawili pamoja. Madam Pole alikuwa ameketi pembeni. Mbele ya Mzee kulikuwa na mistari miwili kwenye kompyuta, saa za huyu na saa za yule, kwa mteja mmoja.

"Mifuko sawa kwa sawa," akasema Mzee. "Maduka nusu kwa nusu. Mmoja amemaliza kwa nusu ya saa za mwenzake. Kijana, unaweza kunieleza?"

"Ndiyo muda uliohitajika," akasema Dakika.

"Mbona kwa mwenzako haukuhitajika?"

Dakika akamtazama mpwa wangu. Hakumkazia macho, alimtazama kama unavyomtazama mtu ambaye zamu ya kusema ni yake.

Mpwa wangu akamtazama Madam Pole. Madam Pole alikuwa ameona kitu nje dirishani.

"Basi tufanye hivi," Mzee akamwambia mpwa wangu, tena kwa upole, kama mwalimu mzuri. "Mwelekeze mwenzako. Ulifanyaje?"

Hapo mpwa wangu akalikamua koti, akalirudisha tena kwenye beseni.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikamwelekeza."

"Ukamwelekeza nini?"

"Nikasema mimi huanza kwa kupanga kwa tarehe, mjomba. Halafu naziweka zilizofifia pembeni, nazifanya mwisho kwa pamoja. Nikasema nimejitengenezea jedwali. Na Dakika ndiye aliyelitengeneza hilo jedwali. Alinipa mwezi wa kwanza."

"Naye akasemaje?"

"Alitoa kalamu, akaandika ninachosema. Kila neno. Mzee akafurahi, akasema hivyo ndivyo vijana wanavyotakiwa wasaidiane."

Alitaka nimwambie kitu. Ningeweza kumwambia kwamba nafasi ilikuwa moja na kila mtu angefanya vile. Huenda ni kweli, lakini anayestahili kuambiwa hivyo ni Dakika, na hakuwepo. Nikamsaidia kuanika.

Siku chache baadaye dada yangu alipika, akaalika majirani wawili watatu wasikilize barua ikisomwa. Katikati ya chakula Dakika akapiga hodi. Alikuwa amekuja na kile kitabu cha mitihani, amekitia kwenye mfuko wa plastiki. Alitaka kukiacha mlangoni aende zake, lakini mlango wa dada yangu hauna njia hiyo.

"Mkwe, unakwenda wapi? Leo ndiyo siku ya mwenzio. Ingia ule."

"Nimeshakula, mama."

"Utakula tena."

Akakalishwa, akapewa sahani iliyojaa. Mpwa wangu alikuwa upande wa pili, akaanza kukusanya vyombo ambavyo watu hawajamaliza kuvilia.

"Na wewe wamekupa?" akauliza dada yangu. Hakuwa na habari, mwanawe alimwambia tu kwamba mambo ya wengine hayajatoka.

"Mimi hawakunichukua, mama."

"Kwa nini?"

"Walisema mkono wangu ni mzito."

"Wewe? Si mlikuwa mnasoma pamoja hapa hapa?"

"Mwenzangu ana mkono mwepesi," akasema Dakika, na akala. Alikula chakula chote, taratibu, akashukuru, akaosha mikono. Kitabu kilikuwa bado mezani.

"Chukua wewe," mpwa wangu akamwambia. "Ni chako pia."

"Cha nini? Ada ya mtihani ilikuwa ya ofisi."

Jirani mmoja akauliza kama barua inasomwa au haisomwi. Ikasomwa.

Nilimsindikiza kijana hadi barabarani. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi. Kaka yake alikuwa ameshamtafutia kazi ya kuandika vipuri pale gereji, aanze kesho yake.

"Mbona ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Nilimsubiri yeye, mjomba. Nikasema atasema sasa hivi. Kisha akaanza kunieleza habari za kupanga kwa tarehe."

"Aliogopa."

"Hata mimi niliogopa," akasema. Akanipa mkono, akavuka.

Hakuja tena, na dada yangu alimuulizia Jumapili mbili tatu kisha akaacha. Mpwa wangu akapata mshahara kamili, akanunua koti la dukani, jeusi. Madam Pole akapandishwa cheo akahamia upande wa madirisha, na alipohama alimpa pole mpwa wangu kwa kumwachia meza yake.

Msimu wa kodi ukarudi na mifuko ya saruji ikarudi. Ofisi ile ikikadiria saa za mteja inatazama za mwaka uliopita, na zinazotazamwa ni zile zilizoandikwa. Safari hii hawakugawa. Maduka yote wakampa mpwa wangu peke yake, na saa zake wakazipata kirahisi: walichukua alizoandika yeye, wakazidisha kwa mbili. Saa za Dakika wakazitupa, walisema zilikuwa na kasoro.

Alituambia asubuhi, amesimama, chai haijashuka hata nusu.

"Waombe wakuongezee," akasema mama yake, pini mdomoni, anapinda upindo wa suruali ya mtu. "Si wanakuthamini hao?"

"Nikiomba wataniuliza mwaka jana niliwezaje."

"Kwani mwaka jana uliwezaje?"

Dada yangu aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, hata hakuinua kichwa. Mpwa wangu alinitazama mimi. Kisha akachukua mkoba, akasema leo atachelewa, tusimwekee chakula.