Mndimu Uliobisha Hodi

Usiku wa jana niliota kumekucha, jua la saa tatu limekaa kizingitini, na mndimu wangu unabisha hodi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikasema, maana mgeni ni mgeni.

Ukaingia na ndoo yake ya rangi, ile aliyoupandia marehemu mume wangu Mwakio. Ukaiburuta mpaka kando ya kitanda. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mwaka wa pili huu haujanipa hata ndimu moja ya kukamulia mchuzi.

"Mama Mghoi, nimekuja kuomba maji."

"Siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Hapo nje. Si yule dada wa kilimo alikwambia, 'Mti wa ndoo usiumwagilie kila siku, ungoje mpaka uombe'? Basi ukangoja. Mimi nami nikaona haya."

Kweli alisema hivyo, siku aliyokuja kijijini kutufundisha. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Nikipewa neno nalishika kama lilivyo.

Nikainuka nikachote. Chumba hakipo tena. Kitanda kiko katikati ya tuta, na sukuma wiki zimejipanga mstari, zinasukuma wiki. Zinasukuma kweli, mabega chini, zinahema.

"Jumatatu imepita! Alhamisi, hiyo! Haya, Jumapili!"

Jumapili haisogei.

"Kwani ina nini?" nikauliza.

"Nzito, mama," likasema jani moja huku likifuta jasho. "Si ndiyo siku unayokaa na simu mapajani?"

Nikajifanya natafuta kopo.

Mara nasikia sauti ya mtoto nyuma ya ua. Ni Wakesho, mjukuu wangu aliye Mombasa na mama yake, binti yangu Mghoi.

"Nyanya! Nyanya!"

"Abee!" nikaitika.

Lakini nyanya zote zilizofungwa kwenye vijiti zilikuwa zimeshaitika. "Abee!"

"Tulieni," nikaziambia. "Ninaitwa mimi."

"Wewe nani?" ikauliza moja iliyoiva mpaka ikapasuka.

"Mimi ni nyanya."

Zikaangua kicheko, mbegu zikaruka. "Sisi huitwa kila asubuhi pale sokoni. Wewe mara ya mwisho uliitwa lini?"

"Pasaka."

"Na wewe ulimwita lini?"

Nikazitazama. Nikatazama na ua. Sauti ya Wakesho ilikuwa imekwenda zake.

"Maji, mama," mndimu ukanikumbusha kwa upole.

Nikatumbukiza kopo kwenye pipa. Lilipopanda lilikuwa na maji nusu, na nusu nyingine sauti ya Mghoi: "Mama, ukituhitaji, sema tu." Maneno yake ya Pasaka hayo, hata hayajachacha. Nikayamimina yote kwenye ndoo. Mndimu ukanywa. Jani moja likakunjuka, halafu la pili.

"Umeona?" ukasema. "Nimeomba, na hakuna tawi lililovunjika. Sasa omba wewe."

Nikafungua kinywa. Nikapata udongo mtupu.

Mndimu ukanitia kijiti kinywani, taratibu, kama dada wa kilimo alivyotufundisha kupima udongo kwa kidole. Ukakitoa, ukakitazama.

"Mkavu mpaka pingili ya pili. Kumbe na wewe uko ndooni, Mama Mghoi. Nani alikuwa anangoja uombe?"

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha kweli, na jua liko kizingitini. Nikateremsha miguu nikakanyaga ubaridi. Sakafuni, kando ya kitanda, kulikuwa na duara la tope bichi, upana wa kitako cha ndoo ya rangi.

Sikulifuta. Nikachukua simu.

"Mama?" Mghoi aliipokea kabla haijalia mara mbili. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni nini?"

Ulimi ulikuwa mzito, una ladha ya shamba.

"Ninawahitaji," nikasema. "Njooni."

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikamsikia akivuta kamasi, na nyuma yake miguu midogo inakimbia.

"Nyanya! Nyanya!"

Nikachungulia kwanza dirishani. Nyanya zilikuwa zimenyamaza kwenye vijiti vyao, zinanitazama.

"Abee," nikaitika.