Namba ya Pindoni

Watu wawili waliniomba siku moja nikubali dada yangu afutwe, na wote wawili waliniomba kwa upole. Wa kwanza alikuwa fundi simu. Wa pili alikuwa binti yangu niliyemzaa mwenyewe.

"Bibi, dawa ya hii simu ni moja tu," alisema fundi. Mtaani wanamwita Bisibisi, maana hata akienda kuoga nadhani anayo mkononi. "Tuifute yote, ianze upya kama imetoka dukani leo."

"Na dada yangu?"

"Dada yako yupi tena?"

"Aliyemo humo ndani."

Bisibisi akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama dari. Duka lenyewe ni ujia uliozibwa kwa mabati, kati ya mshona viatu na mtu wa fotokopi: meza moja, mkeka wa mpira uliojaa alama za kuungua, visahani vya skrubu, kompyuta iliyofutika herufi, na benchi linalotosha makalio ya watu wawili wasiokula sana. Mimi na binti yangu tulikuwa tumelijaza.

"Mama," alisema binti yangu, "simu mpya nimeshakununulia. Iko hapa kwenye mkoba. Hii imekufa."

"Imekufa wapi? Si taa inawaka?"

Niwaeleze vizuri, maana msije mkadhani nilikuwa nagombea chuma.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha vitendawili, na ndiye aliyeninyang'anya miji yangu yote. Ukishindwa kutegua unatoa mji, mwenzio anautwaa na kujisifu nao. Basi kufikia miaka kumi nilikuwa sina tena mji duniani. Hata ile ya kwenye ramani ya shule yote ilikuwa yake. Alipolala kitandani asiinuke tena, karibu miezi kumi nilikwenda kwake kila Jumapili. Tulitegana mchana kutwa na simu inarekodi. Rekodi arobaini na moja. Nami nilikuwa nimeapa: tumeshazeeka wote, mji wangu hupati tena. Na kweli hakupata, mpaka Jumapili ya mwisho aliponitega hivi:

"Namwona akienda, sijawahi kumwona akija."

Nikasema moshi. Akasema hapana. Nikasema maji ya mtaroni. Hapana. Nikasema nywele za marehemu shemeji. Akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho, akasema, "Hapana. Nipe mji."

"Sikupi."

"Basi nenda kaoshe vyombo. Simu niachie hapa."

Niliporudi alikuwa ameshamaliza. "Jibu nimeliweka humo," akasema. "Siku ukikata tamaa, sikiliza, na mji wangu uniletee."

Mtu mwingine angesikiliza njiani akirudi nyumbani. Mimi? Kusikiliza ni kutoa mji! Nikakaa nalo Jumatatu nikiwaza, Jumanne nikiwaza, na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo dada yangu akafariki. Hata baada ya kumzika sikusikiliza. Nilijiambia nitakitegua kitendawili kwa akili yangu, niende nikamwambie kaburini. Ndio ukaidi wetu huo, tumeunyonya ziwa moja.

Halafu programu ya kurekodi ikaanza kufunguka na kujifunga yenyewe. Nikaipeleka simu kwa Bisibisi.

Simu hiyo kabla ya kuwa yangu ilikuwa ya mkwe wangu, mtu wa kupenda kuchokonoa, naye aliiruti. Ndivyo wanavyosema mafundi: simu imerutiwa, maana yake mwenyewe amejitwalia ufunguo mkuu, anaingia mpaka vyumba ambavyo waliotengeneza simu walivifunga. Kwa ufunguo huo Bisibisi alizihamisha rekodi zangu akaziweka kando, akaing'oa ile programu, akaiweka upya, kisha akazirudisha rekodi mahali pake. Majina yote arobaini na moja yakaonekana kwenye orodha, hakuna lililopotea. Lakini ukibonyeza lolote, simu inakujibu: Huna ruhusa.

Mimi sina ruhusa! Simu yangu, dada yangu, kidole changu.

Siku tatu Bisibisi alihangaika nayo, na siku ya nne, asubuhi, ndipo alipompigia binti yangu aje anishawishi. Alimpigia yeye, hakunipigia mimi.

"Nieleze ulichofanya," nilimwambia.

"Bibi, ni mambo ya kompyuta hayo."

"Nieleze kama unamweleza mtu mwenye akili."

Akapumua. Akaigeuza kompyuta nami nikaona dirisha jeusi lenye mistari ya herufi nyeupe, limeungwa na simu yangu kwa waya. "Kila programu humu ni kama mpangaji," alisema. "Ina namba yake. Programu yako ya zamani ilikuwa mpangaji namba 143. Nilipoing'oa na kuiweka tena, simu ikaiona ni mgeni, ikaipa namba mpya, 217. Rekodi zako zikabaki mali ya 143, ambaye keshahama. Ndiyo maana 217 akizigusa anaambiwa hana ruhusa."

"Mbona rahisi? Wabadilishie mwenyewe."

"Nimebadilisha! Zote sasa ni za 217. Zimekataa. Nikafungua na milango. Ruhusa ya kusoma ni nne, ya kuandika mbili, ya kuendesha moja. Jumlisha."

"Saba."

"Nimempa mwenyewe saba, kundi lake saba, na dunia nzima saba. Saba tatu! Sasa hivi hata mwizi anaruhusiwa kumsikiliza dada yako."

"Mwizi anaruhusiwa, mimi siruhusiwi."

"Ndiyo hivyo, bibi. Mimi nimefika mwisho."

Binti yangu akanishika goti. "Mama, mwache mtu wa watu afanye kazi yake. Ni sauti tu. Vitendawili vyenyewe si unavyo kichwani?"

"Uliponizalia mjukuu wa kwanza ukanipigia simu nisikie analia, ile nayo ilikuwa sauti tu?"

Akaondoa mkono gotini.

"Basi nibonyeze?" aliuliza Bisibisi, kidole kiko juu ya kitufe.

"Kidole hicho kikishuka nakiuma. Meno ninayo, mengine yangu kabisa." Nikaifunika simu kwa kiganja, pale pale mezani. "Binti yangu, kama umechoka, nenda. Na simu yako mpya nenda nayo. Mimi sitoki kwenye benchi hili."

"Mama, watu wanasubiri nje!"

"Wasubiri. Mimi nilisubiri miezi tisa kukuzaa wewe, wala sikumsumbua mtu."

Nje mshona viatu akaacha kugonga nyundo ili asikie vizuri.

Nikamwambia Bisibisi afungue ile programu mpya. Nikabonyeza kurekodi, nikasema, "Moja, mbili, fundi huyu ana haraka kama anafukuzwa." Nikabonyeza kusikiliza. Ikasema vile vile, mpaka na kikohozi changu.

"Umeona?" nikasema. "Mgeni aliyeingia sasa hivi amepokelewa. Wenyeji arobaini na moja wamekataliwa. Niwekee hapo kwenye dirisha mmoja wa hawa na huyu mgeni, mmoja juu ya mwenzake."

Akaandika, mistari miwili ikatokea. Nikavaa miwani, nikasogea mpaka pumzi yangu ikaacha ukungu kwenye kioo. Mwenyewe 217, na huyu 217. Kundi 217, na huyu 217. Milango ya dada yangu ndiyo iliyokuwa wazi zaidi.

"Mapacha hao, bibi," alisema Bisibisi. "Niamini."

Sasa, mimi nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja. Kila shuka lilikuwa na namba ya wodi, imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pindo. Unaweza kuleta shuka jeupe, limenyooshwa, limekunjwa kona kwa kona, liko juu ya toroli la wodi ya ishirini na moja. Muuguzi mkuu atageuza pindo tu. Akikuta kumi na nne, unarudi nalo ulikotoka. Hajali toroli la nani, hajali limenyooshwa na nani. Nimerudishiwa mashuka mpaka nikajifunza kugeuza pindo kabla ya kubisha hodi.

"Na pindo?" nikauliza.

"Pindo gani?"

"Kuna kitu kingine kimeandikwa kwenye hizi rekodi ambacho hujanionyesha. Mtu hakatai pacha mmoja na kumkubali mwingine bure bure."

Bisibisi akajikuna shingo. "Kuna lebo, kusema kweli. Ya usalama. Simu inabandika yenyewe. Lakini, bibi, nani anaangalia lebo?"

"Mimi."

Akaandika tena, safari hii akaongeza herufi moja kubwa. Mistari ikarudi mirefu zaidi, imejaa nukta mbili nukta mbili na maneno nisiyoyajua. Sikuyahitaji. Nikatoa penseli na daftari langu la vitendawili, nikanakili mstari wa mgeni, chini yake mstari wa dada, herufi kwa herufi. Binti yangu akashusha pumzi kama matairi ya lori. Nikaendelea tu. Nusu ya kwanza sawa. Katikati sawa. Nilipofika mwishoni kabisa, pindoni penyewe, nikaweka penseli chini.

"Soma hapa."

Bisibisi akasoma. "C 217."

"Na hapa?"

Akavuta kiti. Binti yangu naye akainama, mkoba wake ukanigonga sikio.

"C 143," alisema binti yangu.

"Namba ya yule aliyehama," nikasema. "Umembadilisha mwenyewe, umefungua milango yote, umenyoosha, umekunja, lakini pindoni bado ni wodi ya zamani. Siku tatu unagonga mlango na shuka la watu wengine, baba!"

"Nilizihamisha zikaondoka na lebo zao," alisema Bisibisi, polepole, kama anajisomea mwenyewe. "Nikazirudisha na lebo zao. Lo!" Kisha akacheka, akajipiga paji la uso kwa ile bisibisi yake. "Bibi, ulisomea wapi?"

"Darasa la saba na karai la sabuni. Andika."

Akaandika amri ya kuzibandika lebo upya. Akatazama. Namba haikubadilika, 143 pale pale. Nikamwona mkono umeanza kulegea, macho yameanza kwenda tena kwenye kile kitufe.

"Wee!" nikasema.

"Natafuta, bibi, natafuta." Akarudia amri ile ile, akaiongezea herufi ya kulazimisha. Mistari ikapita kwa kasi, arobaini na moja. Tukaita orodha upya. Nikahesabu kwa kidole, pindo moja moja: 217, 217, 217, mpaka chini.

Bisibisi akachukua simu abonyeze. Nikamzuia.

"Funga kwanza milango. Rudisha kama ilivyokuwa, mwenyewe tu asome na aandike. Dada yangu si gulio, kila mtu aingie."

Akafunga. Sita kwa mwenyewe, sifuri, sifuri. Kisha akanisogezea simu, akarudisha kiti nyuma, na kwa adabu akajifanya anapanga skrubu.

Ningeweza kwenda kusikilizia nyumbani. Ningeweza kuanza na rekodi ya kwanza, nijizungushe mpaka nilipate lile jibu mwenyewe. Lakini baada ya siku nne za kuambiwa sina ruhusa, nilijipa. Nikabonyeza ya mwisho.

Kwanza vyombo, vinagongana kwa mbali; mimi huyo, nikiosha. Halafu kitanda kikalia. Halafu yeye, karibu mno, kama ameilamba simu.

"Haya, mkaidi. Kitanda changu kinatazama dirisha la mbele. Wewe ukija unapitia jikoni, nyuma ya kichwa changu, nashtukia umeshakaa na unalalamika. Lakini ukiondoka unapita mbele. Nakuona toka mlangoni mpaka kona, na kile kiatu chako kinachoburuza. Kila Jumapili. Namwona akienda, sijawahi kumwona akija. Ni wewe. Nipe mji."

Ikakatika.

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nyundo ya mshona viatu ilikuwa kimya. Mimi machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, sikuyaita wala sikuyazuia, lakini mdomo wangu nao ulikuwa na yake.

"Ameniibia!" nikasema. "Mmesikia? Hicho kitendawili gani? Kitendawili ni kile ambacho hata mpita njia anaweza kukitegua! Huyu amenitega kwa kitanda chake mwenyewe, dirisha lake mwenyewe, mlango wake mwenyewe! Ningejuaje, na mimi ndiye niliyempa mgongo?"

"Mama..."

"Hapana!"

Nikaifungua tena ile programu, nikabonyeza kurekodi, nikaisogeza simu mdomoni kama alivyofanya yeye.

"Dada, nimekusikia. Walitaka kukufuta, nimewakatalia. Sasa nakukatalia na wewe. Ulinitegea jibu ambalo limekaa nyuma yangu, hiyo ni hila, na umekufa unajua ni hila. Mji sitoi. Nitakuja kaburini Jumapili hii, nitapita mbele, unione nikija, halafu utafute kitendawili kingine."

Nikazima. Rekodi ikajipanga chini ya zile nyingine.

Binti yangu alijifuta uso kwa kitambaa, akanipa na mimi upande mkavu. "Si umpe tu, mama," alisema. "Hata mji mdogo."

"Hata kituo cha basi simpi," nikasema, nikaichomoa simu yangu kwenye waya.