Mstari wa Penseli

Mpwa wangu ni mpima ardhi, na mpima ardhi hawezi kwenda hata sokoni bila ramani. Jumapili ile alitandaza karatasi pana mezani, akaikandamiza kwa vikombe vinne kwenye pembe, akatuonyesha likizo ya familia ilivyopangwa. Siku ziliandikwa juu, watu pembeni, na kila mtu alikuwa na mstari wake unaotoka mlangoni, unapita uwanja wa ndege, unafika hotelini, hadi kurudi. Wiki tatu nzima. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa starehe. Waliowahi kwenda mbali walikuwa wamefukuzwa au wanatafuta kazi.

"Na wewe umo, Mama," Mpima akasema, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa.

Mama yake ni dada yangu. Ana miaka sitini na saba na hajawahi kulala nje ya mji huu. Jambo hilo halikuwa siri; harusi za ndugu zimepita, misiba imepita, na yeye anatuma salamu tu.

"Usijilazimishe, Mama," mkwe wake, mke wa Mpima, akasema, akimwongezea chai. "Sisi tunakujua."

"Nitafikiri," Dada akasema.

Mpima akacheka kwa upole na kuanza kukunja karatasi. Niliona mistari yote imechorwa kwa wino, isipokuwa wa Dada. Wake ulikuwa wa penseli. Nilidhani kalamu ilimwishia, nikanyoosha mkono kuchukua mkate.

Mimi ndiye mdogo wake Dada. Mtaani wananiita Kiguu, yaani kiguu na njia. Nimekuwa utingo wa malori, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimechimba visima, nimelinda maghala ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Nilipozoea mlango wowote, miguu iliniwasha. Sasa magoti yamegoma, ndiyo maana nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya Dada na kujifanya nimetulia.

Jumatatu nilimkuta chumba cha mbele, kwenye meza yake ya pasi. Alifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hata baada ya kustaafu watu wanamletea mashati. Alikuwa akinyunyiza maji kwa chupa aliyoitoboa kifuniko kwa msumari.

"Kiguu," akasema bila kuinua macho. "Nifundishe."

"Nikufundishe nini, Dada? Pasi?"

"Kusafiri. Una elimu gani nyingine?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea na kola.

Ni lazima nieleze hofu yake, kwa sababu wengi wanadhani anaogopa ajali. Alipokuwa na miaka tisa na mimi minne, tulipanda basi na marehemu mama yetu. Basi likasimama njiani, mama akashuka kutafuta maji, basi likaondoka. Dada alipiga dirisha kwa viganja, akapiga kelele, watu wazima wakamwambia anyamaze, mtoto gani huyu hana adabu. Dereva alikuja kuelewa tukiwa tumeshafika mwisho. Mama alitufikia jioni, juu ya lori la mchanga. Mimi nililala mapajani mwa Dada muda wote, nikaamka mama yupo. Kwangu mimi safari ni kulala na kuamka mahali papya. Dada hakulala. Yeye haogopi urefu, wala kasi, wala daraja. Anaogopa kuachwa.

"Lakini wasijue," akaniambia, akitundika shati. "Nataka nizione sura zao siku nitakayowaambia."

Tukaanza Jumamosi iliyofuata. Siku ya kwanza tulikata tiketi za treni, tukaingia ndani ya behewa, tukakaa, na kengele ilipolia akashuka mbio kama amekanyaga kaa la moto. Nikamfuata. Mkaguzi wa tiketi, mwanamume mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake, alituangalia kama wezi waliokosa cha kuiba.

Jumamosi ya pili alifunga pindo la mtandio wake kwenye mkanda wa mkoba wangu.

"Ukishuka wewe, mkoba unashuka, na mimi nashuka," akasema.

"Na nikitaka kwenda msalani?"

"Tutakwenda wote. Aibu haijaua mtu."

Tulifika kituo kimoja. Wiki iliyofuata viwili. Alikuwa akitoka jasho mpaka kiti kinalowa, lakini alikaa. Wiki ya tano alifungua fundo la mtandio mwenyewe. Wiki ya saba alinishinda kwa maneno, maana nilisinzia, akanipiga kiwiko: "Amka, mwalimu. Mwanafunzi anaona nchi peke yake."

Mtihani wenyewe ulikuwa kituo cha saba, ambapo treni husimama dakika nne. Nilimwambia ashuke peke yake, aende kibandani, anunue chochote, arudi. Mimi nikae. Alinitazama kama nimemwambia aruke kisimani. Kisha akainuka akamwendea yule mkaguzi mlangoni.

"Mwanangu, unanijua mimi?"

"Nani asiyekujua, Mama? Wewe ndiye abiria anayepanda treni ili ashuke."

"Nashuka hapa. Narudi. Usiniache."

"Treni haiondoki bila bendera yangu."

"Basi na mimi nitaiangalia hiyo bendera."

Nilimwona dirishani akienda kinyumenyume, macho kwenye bendera, akagongana na kijana wa mizigo, akaomba radhi bila kugeuka. Akanunua pakiti ya biskuti. Akarudi, akakaa. Pakiti ikawa inalia chakarachakara mikononi mwake.

"Haijaniacha," akasema.

Akasema tena, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Biskuti hakufungua. "Hizi ni za wajukuu. Nitawapa siku ya kuwaambia."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, wiki mbili kabla ya safari. Dada alivaa gauni lake la bluu na kubeba begi jipya, mimi nikataka kumsaidia akakataa. Ndani yake nguo zilikunjwa kama shuka za hospitali, pembe kwa pembe. Ungeweza kuligeuza begi juu chini na kisitikisike kitu. Aliliweka katikati ya sebule ya Mpima.

"Ah, umeleta nguo za watoto," mkwe wake akasema. "Ahsante, Mama, nilikuwa nawaza nani atazipiga pasi."

"Ni nguo zangu," Dada akasema. "Nipo tayari. Nimefanya mazoezi na mjomba wenu miezi mitatu. Nimefika kituo cha tisa. Nashuka na kupanda mwenyewe." Akatoa ile pakiti ya biskuti. "Hizi nilinunua huko."

Nilikuwa nimewaza sura zao kwa miezi mitatu. Nilidhani watashangilia. Mkwe alimtazama mumewe. Mumewe alitazama begi. Akaketi kwenye mkono wa kiti, jambo ambalo huwakataza watoto.

"Mama," akasema. "Mbona hukutuambia?"

"Nawaambia."

"Ungesema mapema. Sasa... viti vimeshajaa. Hoteli pia. Ni msimu, Mama, watu wanakata miezi sita kabla."

"Changu mlikikata lini?"

Mkwe alianza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywa.

"Changu mlikikata lini?" Dada akarudia, kwa sauti ileile.

"Tulijua hutakubali," Mpima akasema. "Hukubali kamwe. Nilikuchora kwa penseli. Sisi kazini tunafanya hivyo, mpaka ambao haujathibitishwa tunauweka penseli kwanza. Sikutaka ujione umesahauliwa."

"Kwa hiyo mlinialika kwa sababu mlijua sitakuja."

"Tulikualika kwa heshima, Mama."

Hapo mjukuu wa kike, wa miaka sita, ambaye alikuwa ameshafungua biskuti, akauliza: "Sasa Bibi akienda, kuku atakaa nao nani?"

Mama yake akamwambia anyamaze. Lakini mtoto alikuwa anaangalia ukutani, kando ya friji, ilipobandikwa ile karatasi ya safari. Dada akaenda, akachomoa pini, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na orodha, kwa mwandiko wa Mpima ulionyooka: MAMA. Kuku asubuhi na jioni. Maua kila siku mbili. Jumatano kupokea maji. Alhamisi fundi bati, asimamiwe. Kulala hapa, taa ya nje iwake.

Ilikuwa imeandikwa kwa wino.

Aliisoma yote. Mimi shule nilisoma kwa vipande, mwaka huku, muhula kule, na nilimaliza kabla yake. Yeye alisoma kila neno, akairudisha ukutani, akaweka pini kwenye tundu lake lilelile.

"Mwandiko wako mzuri," akamwambia mwanawe. "Tangu utotoni."

Akachukua begi. Tukatoka. Mpima alitufuata hadi getini akisema mwakani, Mama, mwakani hakika, nitakuandika wa kwanza. Dada alimwambia arudi ndani, jua kali.

Tulitembea mpaka kwenye duka la vyuma. Nikasema, "Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, Dada. Haki ya Mungu."

"Hukuona chochote?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini tulikuwa tumekaa kiti kimoja miezi mitatu. "Niliona mstari wako ni wa penseli. Siku ileile ya kwanza. Sikutilia maanani."

Akabadilisha begi mkono. "Ulipokuwa unaondoka, ujana wako, ulikuwa unapita kuniaga. Unakumbuka ulikuwa unasemaje?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nasimama mlangoni na mkoba begani, nasema: Dada, twende zetu.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nilihesabu. Mara kumi na moja. Umewahi kunikatia tiketi hata moja?"

Nilitaka kusema ulikuwa utani. Nilitaka kusema alikuwa na watoto wadogo, na ile hofu yake. Yote yalikuwa kweli na hayakufaa. Nilikuwa namwalika kwa sababu ilikuwa salama kumwalika. Angesema ndiyo, ningeingia mitini.

"Mwanangu kajifunza kwa mjomba wake," akasema.

Kwa wiki mbili alipiga pasi za watu kama kawaida. Hata mashati ya safari ya Mpima aliyapiga, na magauni ya wajukuu, akayakunja akayarudisha. Nilidhani amesamehe. Mkwe naye alidhani hivyo, akaleta matunda.

Ijumaa asubuhi gari lao lilisimama mlangoni, mabegi juu, watoto wamebanana. Mpima akashuka, akampa mama yake funguo na ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Akamkumbatia kwa muda mrefu. Dada aliwapungia mkono mpaka wakakata kona. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la bluu, begi mkononi.

Akaniwekea funguo kiganjani. Karatasi akanichomekea mfuko wa shati.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Mwisho wa reli. Tulifika cha tisa tu. Vipo thelathini na viwili."

"Na baada ya hapo?"

"Nitauliza watu."

"Ngoja basi nichukue mkoba wangu, dakika mbili..."

Alinitazama, na nikaona anakaribia kutabasamu, lakini hakutabasamu. Akafungua mkoba wake, akatoa tiketi. Ilikuwa moja.

"Twende zetu, Kiguu," akasema.

Nilimsindikiza. Magoti yaliuma, yeye hakupunguza mwendo. Mkaguzi alimpokea begi akamuuliza mwalimu amebaki wapi, akamjibu yupo pale, ana kazi. Bendera ikapanda. Katika safari zangu zote niliona stesheni zikirudi nyuma kupitia dirishani. Sikuwahi kusimama nje nikaona behewa la mwisho linavyokuwa dogo. Alikaa upande wa pili. Sijui kama alitazama nyuma.

Nilikwenda kwa Mpima. Kuku walikuwa na njaa. Nilikuwa nawamwagia chakula Mpima alipopiga simu. Walikuwa uwanja wa ndege, nasikia watangazaji nyuma yake.

"Mjomba, Mama hapokei. Mpe simu niongee naye kabla hatujapanda."

"Mama yako hayupo. Amesafiri."

"Amesafiri na nani?"

"Peke yake."

Nikamsikia mkewe akiuliza kuna nini, kisha Mpima akasema: "Anarudi lini?"

"Hakuniachia karatasi."

"Mjomba, hii si haki," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tumekumbatiana asubuhi hii hii. Angalau angeniambia."

Nilitoa karatasi mfukoni, nikaifungua juu ya tenga la kuku, nikatafuta kilichofuata. Maua, kila siku mbili.