Visanduku vya Nusu Mita

Machimboni walimwita Kinyozi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoa mlima. Kila mwezi ukuta mzima wa mwamba ulipimwa kwa miale, na vipimo vikamfikia mezani vikiwa wavu wa pembetatu milioni mia tisa. Kompyuta yake kuukuu haikuweza kuubeba hata robo. Akithubutu kuufungua wote, mashine inaganda. Basi aliugawa katika visanduku, akavipitisha kimoja kimoja kwenye memori, na ncha zote za pembetatu zilizomo katika kila kisanduku akazifanya nukta moja. Mlima ukatoka mwepesi, wa kutazamika. Memori ya kuongezea aliiomba mara tatu, akaambiwa avumilie.

Visanduku vidogo, vya sentimita tano, vilitaka siku mbili. Vya nusu mita vilikwisha kabla chai haijapoa.

Asubuhi moja mdogo wake, aliyeendesha mashine ya kutoboa mwamba, alipita ofisini, kofia yake ya kazi kwapani.

"Kaka, pale ngazi ya tatu ya mwamba kuna ufa. Nimeingiza ngumi ikazama."

"Ngumi yako au ya mtoto mchanga?"

"Acha utani bwana. Niangalizie, halafu unipigie. Ukisema pako sawa, napanda."

Mhandisi naye alikuwa mlangoni, anautaka mlima wake kabla ya saa sita. Kinyozi akachagua visanduku vya nusu mita. Kazi ilipokwisha akaisogeza ngazi ya tatu karibu, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa laini kama kiganja. Na alifurahi, huyu bwana! Hilo ndilo linaloniuma kulisimulia. Miaka sita amefanya kazi hiyo, anajua fika kwamba kitu chembamba kuliko kisanduku humezwa kikapotea, na siku hiyo akautafuta ufa wa ngumi mahali alipokwisha kuumeza mwenyewe.

Akapiga simu. "Hakuna ufa, ni kivuli tu. Panda, mwoga mkubwa wewe."

Mdogo wake akacheka, akakata.

Ngazi ya tatu iliporomoka saa nane mchana. Walichimbua mawe mpaka kesho yake.

Baada ya mazishi Kinyozi alirudi ofisini. Katika wavu wa awali akachomoa kipande cha pale tu, kidogo, kompyuta ikakifungua bila shida. Ufa ulikuwepo, mita nane kutoka juu hadi chini.

Mhandisi akachungulia begani kwake. "Funga hilo faili. Ripoti inasema mwamba ulikuwa mzima. Hakuna wa kulaumiwa, hata wewe umepona."

Akalifunga, akaenda nyumbani kwao. Mama alikuwa kitandani, ameipakata kofia ya marehemu.

"Mkewe ananiambia siku ile hakutaka kupanda," mama alisema. "Alipanda kwa sababu wewe ulimwambia umeangalia. Uliangalia, mwanangu?"

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, yakaisha. Ripoti ilikuwa upande wake.

"Niliangalia, mama, lakini kwa haraka. Ufa ulikuwepo. Mimi ndiye niliyeufuta."

Mama aliikumbatia ile kofia, akasogea taratibu mpaka ukutani, mahali ambapo mkono wa mwanawe usingemfikia.