Tundu la Ampea

Zuwena aliomba bisibisi, na hapo ndipo Abeid mwenye duka alipoanza kumwona hana akili timamu.

"Dada yangu, mita mpya hii, iko kwenye boksi lake. Unataka kuifungua ya nini?"

"Nataka kuona fyuzi."

"Fyuzi ipo! Kila mita ina fyuzi!"

Duka lilikuwa Maili Moja, Kibaha, na wateja waliosimama nyuma ya Zuwena walishaanza kuguna. Mdogo wake Seifu, ambaye ndiye mwenzake katika kazi ya ufundi umeme, alitazama pembeni kwa aibu. Shangazi yao, Bi Mwanamvua wa Masaki ya Kisarawe, alishapiga simu mara tatu tangu asubuhi. Mashine yake ya kusaga imegoma, mjukuu wake anaolewa kesho, na magunia ya muhogo mkavu yamejaa hadi mlangoni. Mita yao ya zamani ya kupimia umeme ililowa mvua juzi ikafa. Fundi umeme asiye na mita anabahatisha, na kubahatisha kwenye umeme wa fezi tatu si mchezo.

Seifu alishachagua yake. Ya njano, nyembamba, kioo cha rangi, tochi kwa mbele, inapima mpaka joto la chumba. Usoni imeandikwa volti elfu moja.

"Tuchukue hii twende, dada. Imeandikwa kabisa."

"Hata mimi naweza kujiandika mbunge."

Msimcheke haraka. Aliyemfundisha kazi, Fundi Laurean wa Kwala, alikuwa na mita nzuri kama ile, nayo ilijiandika volti elfu moja. Siku moja aliigusisha kwenye fezi huku waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye tundu la ampea badala ya tundu la volti. Waya ukikaa hapo, mita haipimi volti tena, inaupa umeme njia ya kupita, na kinachomlinda fundi ni fyuzi peke yake. Fyuzi ya Laurean ilikuwa ya kioo. Mita ilimpasukia usoni, na leo anashikwa mkono kwenda chooni kwake mwenyewe. "Waya ulikuwa kwenye tundu la ampea," ndivyo mzee alivyosimulia siku zote, na Zuwena hakuwahi kuuliza zaidi.

Abeid akatoa bisibisi shingo upande. Mita ya njano ikafunguliwa. Fyuzi ya kioo, nyembamba, uzi wake unaonekana ndani. Zuwena akairudisha, akaonyesha nyingine juu ya rafu, nene, ya kijivu, boksi limepauka kwa vumbi. Ndani yake mlikuwa na fyuzi mbili nyeupe za kauri, kila moja unene wa kidole, zile zinazojazwa mchanga ili moto uzimikie humo humo.

"Hii."

"Tofali hilo," Seifu akanung'unika. "Hata tochi halina."

Wakapanda pikipiki yao, Seifu akiendesha, na hadi wanaimaliza Kisarawe mjini na kuingia kwenye mikorosho ya Masaki hakuna aliyemsemesha mwenzake. Zuwena alikuwa ameipakata mita, na moyoni alijiona ameshinda. Ninalisema hilo makusudi, kwa sababu lilimponza.

Hawajavua hata helmeti, Hussen akawadaka. Hussen ni dereva wa bodaboda, na ni mdogo wa mume wake Zuwena.

"Shemeji, karibu! Betri yangu inalala nzima, inaamka haina kitu. Nipimie basi, dakika moja tu."

Masaki fundi hampiti shemeji yake akisema ana haraka, maana maneno yatamtangulia kufika nyumbani. Zuwena akaishika mita mwenyewe, hakutaka Seifu aanze kuichezea. Akahamishia waya mwekundu kwenye tundu la ampea, akapima umeme unaonyonywa na pikipiki ikiwa imezimwa. Mwizi alikuwa king'ora. Hussen alishukuru mpaka akapitiliza, na katikati ya shukrani hizo sauti ya shangazi ikatokea mlango wa mashine.

"Zuwena! Au huo muhogo utautafuna wewe?"

Akakimbia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, marahaba, fungueni hilo sanduku la umeme."

Seifu alikuwa bado amenuna. Zuwena akamwonea huruma, akageuza kitufe cha mita hadi kwenye volti, akampa.

"Haya, lizindue tofali."

Seifu akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Kibaha. Mle ndani mlikuwa na giza la pumba na vumbi, hivyo akasogeza uso karibu kabisa na sanduku. Ncha nyeusi akaiweka kwenye fezi ya kwanza. Ncha nyekundu akaipeleka kwenye ya pili.

Zuwena aliinua macho kutoka kwenye mkoba wa vifaa, akaona waya mwekundu umechomekwa wapi. Alinyoosha mkono, akachelewa.

Paa!

Cheche ya buluu, breka ikaanguka, na Seifu akakaa kitako kwenye pumba. Shangazi akapiga yowe. Zuwena alikuwa ameshapiga magoti, amemkamata mdogo wake uso kwa mikono miwili.

"Nitazame! Seifu, nitazame! Vidole vingapi?"

"Vitatu. Niachie, unaniumiza."

Alikuwa anaona. Zuwena akamwachia.

Kisha hasira zikampanda Seifu. "Umeliona tofali lako? Siku ya kwanza tu! Yule Abeid katuuzia takataka."

"Mrudishieni mwenyewe," shangazi akadakia.

Mita ilikuwa chini, haina hata ufa. Waya mwekundu ulikuwa palepale. Hakuna mwingine aliyeuona. Ingetosha Zuwena kuinama, kuuchomoa kama anayekusanya vitu, na kosa lingehamia dukani Kibaha. Wepesi wa jambo lile ulimtia aibu kuliko kosa lenyewe.

Akaufungua mgongo wa mita, akatoa fyuzi moja. Kwa nje ilikuwa nyeupe vilevile, imeungulia ndani kwa ndani. Akaiweka kwenye kiganja cha Seifu, bado ina joto.

"Waya ulikuwa kwenye tundu la ampea," akasema, na papo hapo akaisikia sauti ya Laurean ndani ya maneno yale, sauti ya mtu anayesimulia waya uliojipeleka wenyewe. Miaka yote ile, na hakuwahi kumuuliza ni nani aliyeuacha.

Akauchomoa waya, akauinua wauone.

"Mimi ndiye niliyeuacha, Seifu. Kwenye pikipiki ya Hussen. Nikakupa hivyo hivyo."

Seifu aliitazama fyuzi. Kisha akainua mkono polepole, akajigusa kope, ya kushoto, halafu ya kulia.